Kuandikwa na Kukumbukwa: Waasisi wa Rwenzururu, Bwera na Kasese

Makala haya yanahusu swali linalozikabili taasisi zote za kumbukumbu: mtu wa mwanzo, aliyetenda kabla hapajawa na orodha ya kutia jina lake, hutambuliwa kwa njia gani? Mfano mmoja unatoka katika michezo. Jumba la wachezaji mashuhuri wa besiboli la Cooperstown, Marekani, liliteua watu wake watano wa kwanza mwaka 1936. Miaka miwili baadaye liliteuliwa jina la Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyeeneza jedwali la takwimu za mchezo. Kwa maoni yangu alistahili, kwani bila jedwali hilo wachezaji wengi wa karne ya 19 wasingekuwa na shahidi. Josh Gibson, ambaye ubaguzi wa rangi ulimzuia kucheza katika ligi kuu na ambaye takwimu za ligi zake hazikutunzwa vyema, alifariki 1947, akaingizwa 1972.

Milima ya Rwenzori inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo, ila hapa kilichoshindaniwa kilikuwa ardhi, lugha na heshima. Uasi wa Wakonzo dhidi ya utawala wa Toro ulioanza 1919 uliongozwa na Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, waliouawa mwaka 1921 huko Kagando. Walioupinga ndio waliokuwa na mafaili; Wakonzo walikuwa na masimulizi ya wazee. Ndiyo maana mwaka 1954, mwalimu Isaya Mukirane alipoanzisha chama cha utafiti wa maisha na historia ya Wakonzo, ni tarehe ninayoipa uzito kuliko tarehe nyingi za mapigano. Madai ya kisiasa yalitanguliwa na daftari.

Mwaka 1962 Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya waliwaongoza wajumbe wa Wakonzo na Waamba kutoka katika Rukurato, baraza la Toro, baada ya kukataliwa dai lao kwamba katiba ya Toro iwataje kama makabila yanayojitegemea. Walikamatwa. Baadaye njia zao ziliachana: Mukirane alikwenda milimani kujenga ufalme, ilhali wenzake wawili walishikilia dai la wilaya ndani ya Uganda. Mukirane alifariki 1966, na mwanawe, Charles Wesley Mumbere, akamrithi angali kijana mdogo.

Tazama sasa malipo ya kila dai. Wilaya ilipatikana 1974, wakati wa Idi Amin. Majina ya Wakonzo na Waamba yaliingia katika jedwali la jamii asilia la Katiba ya mwaka 1995, jambo lilelile lililozua mgogoro barazani. Ufalme ulitambuliwa na serikali mwaka 2009, na Mumbere akatawazwa Kasese tarehe 19 Oktoba. Ni dai hili la tatu pekee lililoacha kiti, mrithi na sherehe, na kwa hiyo mwasisi mwenye kutajwa kila mwaka. Kawamara na Mupalya, ambao dai lao la wilaya ndilo lililotimizwa kwanza, hawakuacha taasisi ya kuwakumbuka. Katiba inalitaja kabila, haimtaji aliyelidai.

Kwa washauri wa sera, suala hili lina upande wa lugha. Mkazi wa Bwera akivuka mpaka wa Mpondwe huwakuta Wanande, ambao lugha yao na Lukonzo ni ndugu, na Kiswahili huwasaidia pale penye tofauti. Kumbukumbu za harakati zimetawanyika vivyo hivyo pande mbili za mlima. Nyaraka za Wilaya ya Kabarole zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, nalo ni jambo jema. Lakini nyaraka hizo ni za utawala ule uliokuwa ukipingwa. Anayetaka kumpata Mupalya kwa kauli yake mwenyewe hana budi kuanza na wazee wanaosimulia kwa Lukonzo na Lwamba, na kuwarekodi kwa lugha hizo kabla ya tafsiri yoyote.