Chukudu: pikipiki ya mbao isiyokunywa mafuta

Huko Marekani watu hukata fremu ya pikipiki ya zamani nyumbani, wakarefusha uma wa mbele na kuijenga upya kwa raha yao. Kwetu Kongo ufundi wa namna hiyo ulizaliwa na shida ya mzigo. Mfano mkubwa uko Kivu Kaskazini: chukudu, iliyoenea miaka ya 1970, uchumi wa Zaire ulipokuwa unaanguka.

Fundi hana mchoro. Kwa panga na tezo anachonga mwili, usukani na magurudumu mawili. Juu ya gurudumu anapigilia mpira wa tairi kuukuu. Kipande kingine, kikikanyagwa na mguu, ndiyo breki. Injini ni mteremko: kutoka Kibumba hadi Goma, mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya ubao na kushuka na viazi, kabichi au makala, mamia ya kilo. Kwenye kilima anasukuma.

Lava ya Nyiragongo ilipochoma Goma Januari 2002, chukudu zilibeba mbao za kujenga upya. Baadaye mji ukamsimamishia msukuma chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu.

Sisi wa Lualaba tunaielewa habari hiyo. Baiskeli ya makala huongezewa vyuma mpaka haifanani tena na ile ya dukani. Lakini hata Goma, sanamu ni ya anayesukuma, si ya aliyechonga. Pikipiki za China zinazidi kuenea, na wazee wanaondoka na ufundi wao. Mwenye baba au jirani fundi, amuulize leo, aandike.