Lodi Lofa na Mashujaa Wasio na Nguvu

Hadithi ya shujaa mwenye uwezo upitao wa binadamu wa kawaida si ngeni katika milima ya Usambara. Kijijini Bungu, juu ya Korogwe, mtoto wa miaka ya 1980 aliijua kabla ya kujua kusoma. Mbega aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego. Akanyimwa urithi na jamaa zake huko Nguu, akaingia porini na mbwa wake, na mwisho wa safari akatawazwa Vuga kwa jina la Simba. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa kwanza Magila na kutolewa tena mwaka 1962. Mpenzi wa vitabu vya picha akiisoma leo atamwona humo Superman, kama walivyomtoa Jerry Siegel na Joe Shuster mwaka 1938: kuzaliwa kwa ajabu, kupotezwa na kwao, kupokewa na wageni, na kipaji cha kuwaokoa wageni hao. Tofauti ni kwamba Mbega aliwaokoa na nguruwe mwitu.

Basi jarida lililotupandia mlimani kwa basi, limekwisha kupita mikono mingi na jalada limechanika, halikuwa na haja ya kutuletea Mbega mwingine. Jarida hilo ni Sani, lililozaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Ndani yake waliishi Komredi Kipepe, Ndumilakuwili, Pimbi, Madenge na Lodi Lofa. Hakuna aliyeruka angani wala kusimamisha treni kwa kifua.

Jina la Lodi Lofa lastahili kutazamwa polepole. Lodi ni bwana mkubwa wa Kiingereza. Lofa ni mtu asiye na kazi wala bazi. Kuyaunganisha maneno hayo mawili ni mzaha, lakini kumbuka zama zenyewe. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na hazina ilikuwa tupu. Sabuni, sukari na nguo vilipangiwa foleni. Mwaka 1983 wahujumu uchumi walisakwa nchi nzima, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya nguvu kazi, ambayo kwayo mtu asiye na kazi inayotambulika mjini aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini. Ulofa, kwa maneno mengine, ulikuwa kosa. Na katika mwongo huo, mhusika aliyependwa na wasomaji aliitwa Lofa!

Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo kubwa katika historia ya katuni zetu, nalo halijapewa haki yake. Chakubanga wa Christian Gregory, aliyetangulia katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, alichekesha akiwa ndani ya gazeti la chama. Sani lilikuwa mali ya watu binafsi, na cheko lake lilikuwa na uhuru wa mtaani. Hata neno "komredi", lililokuwa zito majukwaani, lilivishwa Kipepe, ambaye hakuwa na uzito wowote.

Majirani walichagua njia nyingine. Nairobi, Terry Hirst alianzisha mfululizo wa Pichadithi, akamrudisha Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye nguvu zake zilifichwa katika kivuli chake. Frank Odoi, Mghana aliyehamia Kenya, alibuni Akokhan, kisa cha nguvu za uganga. Odoi alifariki mwaka 2012 katika ajali ya matatu jijini humo.

Mkono uliowapa sura Kipepe na Lodi Lofa ni wa Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986, angali kijana. Mwaka huohuo Frank Miller alimchora Batman mzee na mwenye uchungu, na Alan Moore na Dave Gibbons wakaanza kutoa Watchmen, na Marekani ikashangilia kwamba sasa shujaa amevuliwa joho. Lodi Lofa hakuwahi kuwa na joho.

Huko Marekani, mchoraji Jack Kirby alikuwa aking'ang'ania kurudishiwa karatasi alizozichora mwenyewe. Kampuni ya Marvel ilimrudishia sehemu yake mwaka 1987. Ndunguru hakuwahi kufika kwenye madai ya namna hiyo. Wahusika wake walichukuliwa na mikono mingine na wakaendelea kutoka katika Sani kwa miaka mingi. Ukimtaja Kipepe leo mbele ya watu wa rika langu, hapo Bungu au kwingineko, watacheka kabla hujamaliza jina. Ukimtaja Ndunguru, wengi watakuuliza ni nani.