Injini ya Ammi: Kutoka Tunguu hadi Upper Marlboro

Katika kasha la njumu alilotuachia bibi yangu mzaa baba mlikuwa na vitu ambavyo wasomaji wa kumbukumbu hizi wamekwisha kuvizoea: hati ya nyumba ya Mkunazini, chetezo cha udi, na picha mbili za studio zilizofifia. Kimoja nilikuwa sijakiandikia hata mstari. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga na kipande cha gazeti la Mwongozi, ilikaa injini ya ndege ya mfano, kimo chake hakizidi kidole gumba, na panga yake ndogo ikiwa bado imefungwa kwa skrubu. Ilikuwa imeganda. Baba aliijaribu Maskati mara mbili akaikatia tamaa, akaniusia nisiiguse kwa nguvu.

Ilikuwa mali ya ammi yangu, kaka wa baba, aliyekuwa karani wa ghala katika kituo cha Wamarekani pale Tunguu. Vijana wetu wengi leo hawajui kwamba Zanzibar iliwahi kushiriki katika safari za mwanzo za anga za juu. Kwa mapatano ya mwaka 1960 kati ya Marekani na Uingereza, iliyokuwa mlinzi wa visiwa, kilijengwa kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango ulioitwa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo cha Zanzibar kilikuwa miongoni mwa vile vilivyozungumza naye kwa redio alipokuwa akivuka Afrika. Habari za vituo vyote zilikusanywa na kukokotolewa Greenbelt, Maryland, katika kituo cha Goddard. Greenbelt imo katika wilaya ya Prince George's, na makao makuu ya wilaya hiyo ni Upper Marlboro, mji ninaoishi. Nimeishi hapa miaka mingi kabla ya kutambua kwamba sauti zilizopita Tunguu zilifika jirani na kwangu.

Babu yangu hakupendezwa na kazi ile. Alikuwa mtu wa Hizbu, na Hizbu walikipinga kituo hadharani, wakihofu kwamba kisiwa kingegeuzwa ngome ya makombora katika ugomvi wa mataifa makubwa. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na mzee aliyeshiriki maandamano na kijana aliyepokea mshahara wa hao hao walioandamaniwa. Kwamba injini ya Kimarekani ilifungwa katika gazeti la Hizbu ni jambo ambalo bibi alipenda kulicheka, ingawa nadhani alichukua tu karatasi iliyokuwa karibu.

Mapinduzi yalitokea usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku chache baada ya uhuru. Siku ya pili Wamarekani waliondolewa kwa manowari iitwayo USS Manley, na kabla ya katikati ya mwaka kituo kilikuwa kimefungwa. Ammi alitoka nyumbani katika siku zile na hakurejea. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Hatuna kaburi lake wala karatasi yoyote yenye jina lake. Bibi alikwenda Dar es Salaam, kisha, baada ya mwaka 1970, Maskati, na injini ile aliibeba kifuani, si katika mizigo.

Nimeona ni wajibu kueleza haya kabla ya kusimulia kazi ya mikono, ili ieleweke kwa nini niliahirisha kwa miaka tisa.

Injini yenyewe ni Babe Bee ya kampuni ya Cox, iliyokuwa Santa Ana, California, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1956. Ujazo wake ni takriban sentimita za ujazo 0.8. Haina cheche kama injini ya pikipiki. Juu ya silinda pana waya mwembamba wa platini, ambao huwashwa kwa betri ya volti moja na nusu. Injini ikishashika moto betri huondolewa, na waya huendelea kuwa mwekundu kwa sababu platini huchochea kuungua kwa methanoli. Ufundi huu ulienezwa Marekani na Ray Arden mwaka 1947. Mafuta yake ni methanoli, kiasi cha nitromethani, na mafuta ya mbarika ya kulainisha.

Ndiyo, mbarika ile ile. Watoto wa Unguja waliolelewa na bibi zao wanaijua kama haluli, kijiko kizima asubuhi kabla ya chai, huku pua imebanwa. Injini za ndege za Vita Vikuu vya Kwanza, zile ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na panga, zililainishwa kwa mafuta hayo hayo, na husimuliwa kwamba marubani waliovuta moshi wake walipata taabu ya tumbo. Sioni sababu ya kutoamini.

Ubora wa mbarika ni kwamba hustahimili joto kali na huchanganyika vizuri na methanoli. Ubaya wake ni kwamba yakiachwa kwenye chuma cha moto, kisha yakapigwa na hewa kwa miaka, hugeuka utomvu, halafu gundi, mwishowe kitu kama vanishi ya mlango. Pistoni ya Cox haina pete. Ni chuma kilichosuguliwa kikaenea ndani ya silinda ya chuma, na nafasi iliyobaki ni nyembamba mno. Vanishi ikijaa hapo, panga haizunguki tena.

Hapa ndipo nilipoelewa kosa la baba. Aliilowesha katika mafuta ya taa, mara ya kwanza siku tatu, mara ya pili mwezi. Ni dawa njema kwa kutu, lakini mbarika haiyeyuki vizuri katika mafuta ya taa wala petroli. Huyeyuka katika spiriti. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akibisha mlango usiokuwa wake.

Hata hivyo sikuwa na hakika kwamba ni gundi na si kutu. Hewa ya chumvi ya Mkunazini na unyevu wa Maskati vingeweza kabisa kuila pistoni, na kama ndivyo, kuilazimisha kungeichana silinda. Nilifungua kwanza kichwa chenye waya, kwa kifaa chake maalumu, maana koleo huvunja mapezi ya kupozea. Nikamulika ndani. Rangi niliyoiona ilikuwa ya asali iliyokolea, si nyekundu. Nilikaa kitini kwa muda.

Niliondoa tangi la nyuma kwa skrubu zake nne, pamoja na karatasi za kuzuia mvujo na kile kibati cha shaba kinachofanya kazi ya vali. Chuma kilichobaki nilikitia katika chungu cha umeme cha bei ndogo, nikakifunika kwa maji ya rejeta, yale ya kijani, nikaacha moto mdogo usiku kucha nje ya nyumba. Maji hayo ni sumu, na chungu kile hakitapikiwa chakula tena. Nimekiandika kwa rangi nyekundu. Asubuhi yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya mkandaa. Nilisuuza kwa spiriti, nikapasha silinda kwa mashine ya kukaushia nywele, nikatia matone ya spiriti kupitia tundu la moshi, nikangoja. Bisibisi haitiwi katika tundu lile kwa hali yoyote. Ndivyo injini nyingi nzima zilivyouawa na wenyewe.

Panga haikusogea siku ya kwanza. Wala ya pili. Siku ya tatu nilitumia kijiti cha mti laini, nikakishusha juu ya pistoni na kukigonga kwa mpini wa bisibisi, polepole, chuma kikiwa bado moto. Pistoni ilishuka upana wa unywele. Nikairudisha kwa panga, nikaongeza spiriti, nikaishusha tena. Baada ya saa moja ilizunguka duara zima, na kiowevu cheusi kikatoka kwenye tundu la moshi.

Ndani hamkuwa na kutu hata tone. Gundi ile iliyoifunga ndiyo iliyoilinda.

Waya wa platini ulikuwa umekatika, nikanunua kichwa kingine. Cha zamani kimerudi ndani ya kanga. Sikuifunga kwenye ndege. Karibu na Washington anga ina masharti makali tangu mwaka 2001, na sikuwa na hamu ya kuirusha. Niliiparaza juu ya ubao uani, nikatia mafuta mapya, nikampigia simu shangazi yangu Maskati, ambaye ndiye pekee aliyebaki miongoni mwa walioisikia.

"Shikamoo, shangazi. Sikiliza."

"Marahaba, mwanangu. Nisikilize nini?"

Iliwaka mara ya kumi na moja. Sauti yake ni kali kuliko umbo lake, kama nyigu ndani ya kopo, na harufu ya mbarika iliyoungua ilijaa uani. Ilikwenda dakika mbili hivi, mafuta yakaisha, ikanyamaza.

Shangazi hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniambia jambo ambalo baba hakuwahi kunieleza: kwamba haikuwa zawadi ya Mmarekani, kama tulivyozoea kusimulia. Ammi aliinunua kwa mshahara wake, na babu, yule mtu wa Hizbu, ndiye aliyemwongezea shilingi zilizopungua, kwa sharti kwamba asiiwashe saa za sala.