Lyon: Wapenzi Wanakula, Kina Mama Walipika

Leo tuongelee msosi, ila kihistoria, maana ndiyo fani yetu.

Kuna aina ya mapumziko ambayo wapenzi wengi wa Ulaya wanaipenda. Wawili wanachagua mji unaosifika kwa mapishi, wanakaa siku mbili tatu, na kazi yao ni moja tu, kutoka mgahawa huu kuingia ule. Makumbusho watapita kama tumbo limeshushwa kidogo. Mji unaotajwa sana kwa safari hizo ni Lyon, Ufaransa, pale mito Rhône na Saône inapokutana. Kutoka Paris ni kama saa mbili kwa treni ya kasi, iliyoanza kwenda huko mwaka 1981. Ijumaa jioni wanapanda, Jumapili usiku wako nyumbani, suruali zinabana.

Mimi swali langu lilikuwa hili. Kula, kila mtu anakula kwao. Ilikuwaje mji ukawa mahali pa watu kufunga safari waje kula tu? Nilipoanza kufuatilia nikakuta habari ya matairi, ya wafumaji wenye njaa na ya wafanyakazi wa ndani.

Tuanze na matairi. Ndugu wawili, André na Édouard Michelin, walikuwa na kiwanda cha matairi katika mji wa Clermont-Ferrand. Mwaka 1900 walichapa kitabu kidogo chekundu cha wasafiri, nakala 35,000, wakakigawa bure. Ufaransa nzima wakati huo magari yalikuwa hayafiki 3,000! Lakini hesabu yao ilikuwa nzuri. Mtu akijua fundi yuko wapi, mafuta yako wapi na pa kulala ni wapi, ataendesha mbali zaidi, na akiendesha mbali tairi litalika. Mwaka 1920 wakaanza kukiuza. Mwaka 1926 wakaanza kuzipa hoteli zenye chakula kizuri nyota, na 1931 zikaanza kupangwa kwa ngazi, moja mpaka tatu. Nyota mbili maana yake inafaa uache njia yako upite pale. Nyota tatu maana yake inafaa kuifungia safari. Umeona hapo? Safari ya kwenda kula ilipewa cheo rasmi na muuza matairi.

Na Lyon ilikuwa imekaa pazuri. Barabara kuu namba 7, iliyokuwa ikitoka Paris kuelekea pwani ya Mediterania, ilikuwa inapita hapohapo. Matajiri wenye magari walikuwa wakishuka kusini kutafuta jua, wanalala Lyon, wanakula Lyon. Mwaka 1935 mwandishi wa mambo ya chakula aliyejiita Curnonsky akaupa mji huo jina la makao makuu ya mapishi ya dunia. Jina likaganda mpaka leo.

Sasa wapenzi wetu wamefika. Mchana wataingia kwenye mgahawa mdogo wa aina inayoitwa bouchon, vitambaa vya mezani vyenye miraba myekundu na myeupe, meza zimebanana. Wataletewa utumbo uliolowekwa, ukapakwa chenga za mkate na kukaangwa. Kisha jibini laini yenye majani ya kunukia, ambayo jina lake ni ubongo wa mfumaji wa hariri. Watacheka, watapiga picha. Lakini lile jina si utani mtupu. Lyon ya karne ya 19 ilikuwa mji wa hariri, na wafumaji waliishi mlima wa Croix-Rousse kwenye nyumba zenye dari ndefu, kwa sababu mitambo ya Jacquard ilikuwa mirefu. Waliamka usiku, na asubuhi mapema wakapata mlo mzito wa utumbo, soseji na mvinyo, kwa sababu nyama nzuri ilikuwa ya wenye nayo. Novemba 1831 wafanyabiashara walikataa kufuata bei ya chini ya kazi iliyokuwa imekubaliwa. Wafumaji wakashuka mlimani na kuuteka mji kwa siku kadhaa, wakiwa na kaulimbiu ya kuishi kwa kufanya kazi au kufa wakipigana. Jeshi likaja. Mwaka 1834 wakainuka tena, na mamia ya watu wakauawa. Chakula cha watu wale ndicho leo unakikalia kwenye foleni ya kuweka nafasi.

Jioni ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi. Wapenzi wetu, kama mfuko unaruhusu (kwa bumu letu hata usijaribu), wataenda mtaa wa Royale, namba 12. Hapo ndipo alipokuwa Eugénie Brazier.

Alizaliwa mwaka 1895 kijijini karibu na Bourg-en-Bresse. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 10 hivi, akawa anatumwa kwenye mashamba ya watu kuchunga. Mwaka 1914 akazaa mtoto bila ndoa, baba akamfukuza. Akaingia Lyon kama wasichana wengi walivyoingia, kuwa mfanyakazi wa ndani, mtoto akalelewa na wengine. Ndani ya nyumba za watu ndipo alipojifunza jiko.

Na hapa kuna jambo ambalo wasifu wa Lyon huwa unalipitia haraka. Zamani familia tajiri za mji ule zilikuwa na wapishi wao wanawake. Karne ya 20 ilipoingia, na hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, familia nyingi hazikuweza tena kuwalipa. Wengine wakafungua vijimgahawa vyao, na watu wakawaita kwa cheo cha Mère, yaani Mama. Mama Fillioux, Mama Brazier. Sisi watu wa mama ntilie hatuhitaji kufafanuliwa. Walikuwa na mapishi machache tu, yaleyale kila siku, lakini yamepikwa mpaka basi. Mama Fillioux alisifika kwa kuku aliyepachikwa vipande vyeusi vya truffle chini ya ngozi, uyoga ghali unaoota ardhini. Weupe na weusi vikichanganyika wakamwita kuku wa nusu msiba.

Brazier alifanya kazi kwa Fillioux, kisha Aprili 1921, kabla hajatimiza miaka 26, akafungua pake. Viti kama 15 tu. Baadaye, akiwa amechoka, akapata kibanda mlimani Col de la Luère nje ya mji, hakina umeme wala gesi, akapika na huko. Wateja wakamfuata kwa magari! Mwaka 1933 Michelin wakampa nyota tatu mjini na nyota tatu mlimani. Nyota sita, mtu wa kwanza kabisa duniani. Msichana aliyefukuzwa na mimba, jamani.

Mteja wake mmoja alikuwa Édouard Herriot, meya wa Lyon kuanzia 1905 hadi kifo chake 1957 ukiacha miaka ya vita. Inasimuliwa alisema mama huyo anaujengea mji sifa kuliko yeye. Alipotaka kupewa nishani ya taifa, akaikataa, ati hiyo ni ya mambo makubwa kuliko kupika vizuri. Hapo mimi simuungi mkono, angeichukua tu.

Mwaka 1946 alimpokea kijana mmoja kule mlimani, akawa anakamua ng'ombe, analima bustani, anafua, na anapika. Kijana huyo ni Paul Bocuse, aliyekuja kupata nyota tatu mwaka 1965 na kuzishika mpaka alipofariki 2018. Leo soko kubwa la vyakula la Lyon linaitwa kwa jina lake, na watalii wengi jina wanalolijua ni hilo. Na mwaka 1998 Alain Ducasse alipofikisha nyota sita, kuna magazeti yaliyoandika kuwa yeye ndiye wa kwanza. Brazier alikuwa amefariki miaka 21 tu iliyopita.

Mjukuu wake, Jacotte Brazier, aliendesha mgahawa ule wa mtaa wa Royale kwa miaka mingi. Mwaka 2007 akaanzisha chama kwa jina la bibi yake, kinachowasaidia wasichana wanaosomea upishi.