Herufi za Udongo na Mabunzi

Nyumba nyingi za Rungwe na Mufindi, wilaya mbili za Nyanda za Juu Kusini, zilikuwa na herufi za kushika mkononi kabla hazijapata kitabu hata kimoja cha mtoto. Nimezaliwa Rungwe, nimefundisha darasa la kwanza Mufindi hadi kustaafu, na historia hii sijaiona ikiandikwa. Wanaoandika hutaja maazimio na wizara. Kazi yenyewe ilifanywa na akina mama jikoni.

Wamisionari Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na kwa wazee wetu kusoma kuliambatana na mafundisho ya ubatizo. Mtoto mdogo hakuhusika sana. Mambo yaligeuka baada ya 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mama zetu walipoanza kwenda na daftari kwenye kisomo. Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974: kila mtoto awe shuleni ifikapo Novemba 1977. Madarasa yalifurika. Walimu wengi wa mpango huo wa Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) tulikuwa wahitimu wa darasa la saba, tukijifunza kazi huku tukiifanya. Vitabu havikutosha, chaki ilikatwa vipande. Watoto waliitikia ba, be, bi, bo, bu kwa sauti moja, wakarudi nyumbani wakiimba.

Mama aliyetoka kisomo hakuridhika na wimbo. Alitaka kujua mwanawe anaijua *b* au anafuata wenzake tu. Penseli ilikuwa adimu, lakini udongo wa kufinyangia ulikuwepo; tulikua tukiona vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe, vikipandishwa kutoka Ziwa Nyasa. Aliviringisha udongo ukawa mwembamba kama mkia wa panya, akaukunja ukawa herufi, akaukausha kivulini kwanza usije ukapasuka, halafu karibu na mafiga. Mtoto aliyefinyanga *b* na *d* kwa vidole vyake hazichanganyi: anajua tumbo la ipi limetazama wapi.

Herufi ninayoipenda katika kazi hii ni *m*. Wimbo wa shule ulisema ma, me, mi, mo, mu, ukamwacha mtoto njia panda mbele ya neno *mti*. Mezani, au tuseme mkekani, alilitenga neno mwenyewe: *m* peke yake huku, *ti* kule. Mkono ulimwonyesha kwamba *m* inaweza kusimama bila irabu. Sijaona maelezo ya ubaoni yanayoshinda hilo.

Ilikuwepo pia taabu ya *r* na *l*, ambayo kila mwalimu wa nyanda hizi anaijua. Mtoto aliyeanza na Kinyakyusa au Kihehe hukuambia “lafiki” bila wasiwasi. Akina mama waliweka vikapu viwili, mtoto akatia vitu kwa sauti inayoanza: limau huku, rula kule. Vitu vya *r* nyumbani ni vichache, kwa hiyo walikata picha magazetini na kuzibandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

Mufindi, mkoani Iringa, nilikuta vifaa vingine. Mwezi wa saba baridi huwafungia watoto jikoni, na huko kulikuwa na mabunzi ya mahindi, milulu iliyobaki kwenye ususi wa vikapu, na vipande vya mianzi ileile inayogemwa ulanzi. Mwaka 1983 ulipoanza mpango wa lishe wa Iringa, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na WHO, vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto. Kijijini kwetu mlezi aliyekoroga uji ndiye aliyewatandazia watoto wa vidudu herufi za mianzi wakati uji ukipoa. Hakuwahi kukanyaga chuo cha ualimu.

Mwaka 2015 mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili ulikuja, ukasisitiza sauti za herufi. Mwaka uliofuata mradi wa kusoma wa Tusome Pamoja ukaanza, Iringa ikiwamo. Nilifurahi kweli. Lakini kwenye semina tulielekezwa kufaragua zana kana kwamba ni jambo jipya, na hakuna aliyewaita wale mama waje waonyeshe zao.

Baadhi yao wako hai bado, Rungwe na Mufindi. Vyuo vya ualimu viko karibu nao: Mpuguso pale Tukuyu, Kleruu pale Iringa. Wanachuo wapelekwe kwao mwaka huu, wakiwa na udongo mkononi.