Moshi ni Kuni Ambazo Hazijaungua

Ukipita Tibirinzi, Chake Chake, wakati wa magharibi, harufu ya moshi utaisikia kabla hujaliona jiko. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Taa zinawaka, simu zinachajiwa, lakini masufuria mengi bado yanakaa juu ya mafiga matatu. Hivi, miaka yote hii wataalamu wa majiko walikuwa wanafanya nini?

Tuanze na moto wenyewe. Ukuni ukipata joto hutoa maji kwanza, kisha gesi. Ule mwali unaouona ni gesi hizo zinazoungua. Zikikosa hewa, au zikipoa kabla ya kuungua, zinakuwa moshi na masizi. Kwa hiyo moshi ni kuni ulizozitafuta kwa jasho, halafu zinapotelea hewani bila kupika kitu. Kwenye mafiga, upepo unaupoza moto kila upande. Ukitia kuni mbichi, joto linaishia kukausha maji.

Sasa historia. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, dunia ikaanza kuhofia nishati, na kuni nazo zikaingia kwenye hesabu: misitu itakwisha! Majiko mengi ya wakati ule yalibuniwa ili kuokoa miti. Mapafu ya mpishi hayakuwa hoja kubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ikapata jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani, wazo lililotoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Likasambaa sana, maana lilipunguza matumizi ya makaa. Lakini ni jiko la makaa, na makaa yana hila yake: hayatoi moshi mwingi, ila yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukilala nalo chumbani umefunga madirisha, huenda usiamke.

Kwa upande wa kuni, Larry Winiarski wa Marekani alianza kueneza muundo wa jiko la "roketi" mwaka 1982: kuni zinaingia kwa chini, hewa inapita chini yake, na mwali unapanda ndani ya bomba fupi linalotunza joto. Gesi zinapata joto na hewa, zinaungua kabla hazijatoka.

Basi tatizo limekwisha? Hapana. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa Malawi uliofuatilia watoto zaidi ya 10,000. Familia zilizopewa majiko bora yenye feni hazikuonekana kupata nimonia kidogo kuliko zilizoendelea na moto wa kawaida. Majiko yaliharibika, na moshi wa takataka na wa majirani uliendelea kuwafikia watoto.

Somo lake ni zito: jiko moja halisafishi hewa ya mtaa mzima. Lakini usikate tamaa, maana fizikia ya moto haibadiliki. Kausha kuni mpaka ukizigonga zilie. Zipasue nyembamba, zisukume kidogo kidogo, wala usizibane hewa ikakosa njia. Pikia penye uwazi, na mtoto asiwe mgongoni mwako wakati unapuliza moto.

Ukiona moshi mzito, ujue moto unakuomba hewa, au kuni zako bado mbichi.