Acha Ianguke: Historia ya Erlang na Ada ya Kuomba Msaada

Ujumbe wa WhatsApp unaotumwa kutoka sokoni Bariadi kwenda Maswa hauruki moja kwa moja kutoka simu hadi simu. Hupitia kwanza kwenye seva za kampuni hiyo, na programu inayoupokea huko na kuupeleka unakotakiwa imeandikwa kwa lugha ya Erlang. Mkoa wa Simiyu, ilipo miji hiyo, ulioanzishwa mwaka 2012 na kusikika zaidi nchini Tanzania msimu wa pamba, unaitegemea lugha hiyo kila siku bila jina lake kutajwa.

Erlang ni mojawapo ya lugha za kifanksheni. Katika lugha hizi programu hujengwa kwa fanksheni zinazofanana na za hisabati, na thamani iliyokwisha kupewa jina haibadilishwi ovyo. Mkubwa wa ukoo huo ni Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy huko Marekani mwaka 1958. Wadogo zake ni wengi, na kila mmoja ana sifa yake. Sifa ya Erlang ni kwamba tangu siku ya kwanza ilijengwa juu ya swali la hitilafu: jambo likiharibika, nani atajua, na nani atasaidia?

Jina lake linamkumbuka Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmark aliyeishi kati ya mwaka 1878 na 1929. Akiwa mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alitafuta hesabu ya kukadiria simu ngapi zitapigwa kwa wakati mmoja, na mwaka 1909 akaanza kuchapisha majibu yake. Lugha yenyewe ilianza mwaka 1986 katika maabara ya kampuni ya Ericsson nchini Sweden. Mwanzilishi wake alikuwa Joe Armstrong, Mwingereza, na muda si mrefu akaungana na Robert Virding na Mike Williams. Ericsson ilikuwa ikiuza mitambo ya kuunganisha simu, na mtambo wa namna hiyo hauzimwi ili fundi apate nafasi ya kuutengeneza. Simu ya mtu mmoja ikikatika, za wengine lazima ziendelee. Kasoro ikigunduliwa, irekebishwe huku mtambo ukiendelea kufanya kazi.

Kutokana na masharti hayo likazaliwa wazo ambalo wageni wa Erlang hulishangaa: acha ianguke. Katika lugha nyingine, mwandishi wa programu hujitahidi kukisia kila ubaya unaoweza kutokea na kuuwekea kinga papo hapo. Erlang hugawa programu katika michakato midogomidogo, maelfu kwa maelfu, na kila mmoja una kumbukumbu yake peke yake. Mchakato mmoja hauwezi kutia mkono katika kumbukumbu ya mwingine. Michakato huzungumza kwa kutumiana ujumbe tu. Mchakato ukikutana na jambo usiloliweza, hufa. Kufa huko hakufanyiki kimyakimya: michakato iliyounganishwa nao hupelekewa habari ikiwa na sababu ya kifo, na msimamizi aliyepewa jukumu la kuuangalia huanzisha mwingine mahali pake. Juu ya msimamizi yupo msimamizi mwingine, na mpangilio wote huchorwa kama mti. Ukiondoa ufundi wake, ni ushauri uleule wa fundi simu wa mtaani: zima, washa. Tofauti ni kwamba hapa kinachozimwa ni kipande kimoja kidogo, na anayekiwasha alikwisha kuteuliwa kabla ya tatizo kutokea. Armstrong alilieleza wazo hilo kwa kirefu katika tasnifu yake ya udaktari, aliyoitoa Stockholm mwaka 2003.

Usukuma, nchi ya Wasukuma, nao ulikuwa na mpango wa jinsi hiyo kwa binadamu na mifugo. Ng'ombe walipoibwa usiku, mwenye boma alipiga mwano, yaani yowe la kuomba msaada. Aliyelisikia alilipokeza na kutoka na upinde na mishale, na asiyetoka bila sababu alitozwa faini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi vilipozidi, ada hiyo ilipewa muundo mpya, sungusungu. Jina hilo ni la wadudu weusi wanaouma na kutembea kwa kundi. Jeshi hilo la jadi lilianzia upande wa Kahama na Shinyanga, likaenea Usukuma kote, nchi ya Simiyu ya leo ikiwamo. Kila kundi lilikuwa na viongozi wake, mkuu wao akiitwa ntemi. Filimbi zilipeleka habari, nyayo za ng'ombe zikafuatwa, na msako ukapokezwa kutoka kijiji hadi kijiji. Kuna waliovuka mipaka ya kazi yao, wakapiga na kufukuza watu kwa tuhuma za uchawi. Hata hivyo serikali iliona faida yake, na mwaka 1989 sungusungu wakatambuliwa kisheria kwa marekebisho ya sheria ya mgambo.

Jambo linalolingana katika mipango hii miwili ni utaratibu unaotangulia shida. Kabla ya mwizi kuja, inajulikana nani atapiga yowe, nani atalipokea na wapi litapelekwa.

Upande wa Erlang, utaratibu wa mashine ulitangulia na wa watu ukafuata. Kwa miaka kadhaa watumiaji wake walikuwa hasa ndani ya Ericsson, na mwenye swali alimfuata aliyeiunda lugha. Mwaka 1998 ulibadilisha hali hiyo. Mwaka huohuo kampuni ilipotoa mtambo wa AXD301, uliokuwa na mistari zaidi ya milioni moja ya Erlang, tawi lake moja lilipiga marufuku lugha hiyo katika bidhaa mpya, likitaka kutumia lugha zilizozoeleka duniani. Desemba ya mwaka huo Ericsson ikaiachia Erlang iwe huru, mtu yeyote aweze kuichukua na kuisoma ndani, na Armstrong na wenzake kadhaa wakaondoka kuanzisha kampuni yao. Marufuku iliyoelekea kuiua ndiyo iliyoisambaza. Wageni walianza kuuliza maswali kwa barua pepe za pamoja, na miongoni mwa waliojibu walikuwamo waasisi wenyewe. Armstrong, aliyefariki Aprili 2019, alijulikana kwa kumjibu hata anayeanza.

Matunda ya uhuru huo ni pamoja na ejabberd, programu ya kupokezana ujumbe iliyoanzishwa na Alexey Shchepin mwaka 2002. WhatsApp ilipoanzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, ilijengwa kwa kuanzia na ejabberd, kisha ikarekebishwa kidogokidogo. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilieleza kuwa seva yake moja ilikuwa imebeba watu milioni 2 waliounganishwa kwa wakati mmoja. Facebook ilipokubali kuinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi wachache mno, 32 hivi.

Anayejifunza Erlang hukutana na hitilafu katika dakika za mwanzo. Ya kwanza ni nukta. Kila agizo linapaswa kumalizika kwa nukta, kama sentensi. Mwanafunzi akiisahau na kubonyeza kitufe cha kuingiza, kompyuta haimkemei. Hushuka mstari na kungoja, naye hungoja, kila mmoja akidhani zamu ni ya mwenzake. Ya pili ni alama ya usawa. Akiandika X = 5, jibu ni 5. Akifuatisha X = 6, hugombezwa kwamba thamani 6 ya upande wa kulia hailingani. Aliyetoka lugha nyingine huona ukaidi, kwa kuwa huko alama hiyo humaanisha "weka". Katika Erlang humaanisha "linganisha": X imekwisha kuwa 5, na 5 haiwezi kuwa 6. Kosa hilo huisha siku mwanafunzi anapokumbuka hisabati ya shuleni.

Hitilafu za wakubwa ni nyingine. Programu nzima ikianguka, Erlang huacha faili lenye orodha ya michakato yote iliyokuwa hai, kumbukumbu iliyoshikwa na kila mmoja, na idadi ya ujumbe uliokuwa ukisubiri kwenye sanduku lake. Mtaalamu hutazama kwanza sanduku lililofurika, kama mfuatiliaji anavyotazama nyayo zilipoingia majini. Fred Hébert wa Kanada alikusanya ufundi huo katika kitabu cha mwaka 2014, akakitoa bure. Lugha ya Elixir, iliyoanzishwa na José Valim wa Brazili na kufikia toleo la 1.0 mwaka huohuo, hutumia mashine ileile ya Erlang, hivyo ufundi huo unaifaa pia.

Katika miaka yote hiyo imejengeka ada ya namna ya kuuliza. Muulizaji hutaja toleo la lugha analotumia, hunakili ujumbe wa kosa wote bila kuukata, na hupunguza programu yake hadi ibaki mistari michache inayoonyesha tatizo lilelile. Kisha hueleza alichotarajia na kilichotokea. Mara nyingi katika kupunguza huko hugundua kosa mwenyewe, na swali halitumwi tena.

Kuuliza huku bado hufanyika kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, ingawa njia ya Kiswahili ilikwisha kufunguliwa. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilidai maneno ya faili, kosa, hifadhi na futa, na maneno hayo leo hayamshangazi mtu. Maneno ya mchakato, msimamizi na ulinganifu nayo yapo. Kinachohitajika ni wanaojua Erlang kuyatumia wanapomjibu anayeanza, ili mwano upigwe kwa lugha ambayo majirani wote wanaisikia.